Levo zimepanda, bosi bado anashinda: jibu kwa mchezaji aliyekwama

Msomaji mmoja ameuliza hivi: “Nimecheza gemu ya RPG (ya kuigiza wahusika) ya mtindo wa Kijapani kwenye konsoli kwa muda wa saa 32 hivi, na sasa nimekwama kwa bosi, yaani adui mkuu, aliye juu kabisa ya mnara. Kikosi changu kina watu wanne: shujaa wa upanga, msichana wa mkuki, mchawi wa moto na barafu, na mganga. Nusu ya kwanza ya pambano naimudu. Uhai wa bosi ukifika nusu, anabadilika umbo na kuanza kupiga mara mbili katika kila mzunguko, na baada ya mizunguko minne au mitano hakuna aliyesimama. Nimeshindwa mara saba. Nimetumia saa sita kupigana na viumbe wadogo wa mnarani ili kupandisha levo, yaani ngazi ya nguvu ya kikosi, kutoka 28 hadi 34, na tofauti niliyoiona ni ndogo. Je, niendelee kupandisha levo, nipunguze ugumu wa gemu, au nianze upya? Nina dawa kubwa 14 ambazo nimezihifadhi kwa ajili ya bosi wa mwisho.”

Ndugu msomaji, sehemu ya mwisho ya swali lako ina jibu fupi: usianze upya. Mtu aliyefika saa ya 32 na anayeimudu nusu ya kwanza ya pambano hana kikosi kibovu, na akianza upya atasimama tena mbele ya bosi yule yule akiwa na mazoea yale yale yaliyomwangusha. Kuhusu levo nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo lilipo kosa, nalo si kosa lako peke yako. Hukulitaja jina la gemu unayoicheza, lakini maelezo uliyotoa yananitosha, maana gemu za ukoo huu, ambazo pande mbili hupokezana zamu kupitia menyu, huendeshwa na hesabu moja hata pale majina ya mazimwi na ya uchawi yanapobadilika.

Hesabu hiyo ni ya zamu, yaani nafasi ya mtu mmoja kutenda jambo moja. Levo huongeza ukubwa wa jambo unalolifanya ndani ya zamu moja. Kwa kawaida haikuongezei zamu yenyewe, wala haikuambii zamu ipi itumike kwa kazi ipi. Wewe una zamu nne katika kila mzunguko. Bosi wako alikuwa na moja, na akifika nusu ya uhai wake anakuwa nazo mbili. Nionavyo mimi, zamu zako tatu kati ya hizo nne zinakwenda kwenye kushambulia tu, mzunguko baada ya mzunguko, na huenda sababu yake si mpango wowote bali ni kwamba menyu hufunguka kishale kikiwa tayari kimekaa juu ya neno la kushambulia.

Imani ya kwamba levo hutatua kila kitu ina chimbuko lake. Dragon Quest, iliyotolewa na kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986 kwa ajili ya konsoli ya Famicom, ndiyo iliyoweka umbo ambalo gemu hizi zimelirithi hadi leo. Mbunifu wake, Yuji Horii, alikuwa amevutiwa na gemu za kompyuta za Marekani, yaani Wizardry na Ultima, akataka kuifikisha raha ya gemu hizo kwa watu ambao hawakuwahi kuzizoea kompyuta, na kwa hiyo akaijenga gemu yake kwa namna ambayo mtu mwenye subira angeweza kuimaliza hata kama vidole vyake si vyepesi. Shujaa alikuwa mmoja, na katika kila pambano adui alikuwa mmoja. Aliyeuawa alirudishwa kwa mfalme akiwa amepoteza nusu ya dhahabu yake, lakini uzoefu wake wote, yaani pointi zinazompandisha levo, ulibaki salama. Katika mpangilio huo levo ilikuwa karibu kila kitu, kwa kuwa palikuwa na zamu moja dhidi ya zamu moja, na hapakuwa na mwenzako wa kugawana naye kazi.

Hali hiyo haikudumu. Dragon Quest II ilileta kikosi cha watu watatu mwaka 1987, Final Fantasy ya kampuni ya Square ikaleta wanne mwezi Desemba mwaka huo huo, na tangu hapo wabunifu wamekuwa wakiuhamisha uzito wa pambano, hatua kwa hatua, kutoka kwenye levo kwenda kwenye zamu. Katika Final Fantasy IV ya 1991, Hiroyuki Ito alibuni mfumo ambao zamu za maadui hazimsubiri mchezaji: muda unakwenda wakati wewe ungali unasoma menyu, na anayesitasita anapigwa. Final Fantasy X ya 2001 ilifanya kinyume chake na ikaonyesha orodha ya zamu zijazo pembeni mwa skrini, hivyo mchezaji akaweza kuona kwa macho yake kwamba kumpunguzia adui kasi kunamsukuma chini ya orodha. Na katika Final Fantasy VIII ya 1999, levo za maadui zilifuata wastani wa levo za kikosi chako, kiasi kwamba mtu aliyejaza levo bila kuushughulikia uchawi alioufungamanisha na takwimu za wahusika wake alijikuta ameyafanya maisha yake kuwa magumu zaidi. Nayataja haya ili uone kwamba unatumia dawa ya mwaka 1986 kwa ugonjwa ambao si wa mwaka huo.

Tuchukue sasa namba. Nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano, lakini zinafanana na pambano ulilonieleza. Tuseme kila mmoja katika kikosi chako ana pointi 420 za uhai, yaani jumla ya 1,680, na bosi amebakiwa na pointi 6,000 wakati anapobadilika. Washambuliaji wako watatu wanampunguzia pointi 250 kila mmoja, jumla 750, kwa hiyo unahitaji mizunguko minane ili kummaliza. Yeye, kwa zamu zake mbili, anawapiga nyote kwa wimbi linalomtoa kila mtu pointi 180, kisha anampiga mmoja wenu pointi 220. Jumla ni 940 katika kila mzunguko. Mganga wako anamrudishia kila mtu pointi 120, yaani 480. Kila mzunguko unapita mkiwa mmepungukiwa na pointi 460, na katika mzunguko wa nne akiba yenu ya 1,680 inakwisha. Unahitaji mizunguko minane, unayo minne.

Levo sita ulizoongeza zimefanya nini? Tuseme zimeboresha kila kitu kwa takriban asilimia 10. Sasa mnampunguzia 825, na bado mnahitaji mizunguko minane, kwa sababu katika ule wa saba anabakiwa na pointi chache. Uhai wenu umefika 1,848, mapigo yake yameshuka hadi 850 hivi, mganga anarudisha 528, na upungufu wa kila mzunguko umekuwa 322. Mnaanguka katika mzunguko wa sita badala ya wa nne. Sitakudanganya kwamba saa zako sita zimepotea bure, maana zimekununulia mizunguko miwili. Lakini mnapungukiwa na mingine miwili, na kila levo inayofuata kwa kawaida hudai pointi nyingi zaidi za uzoefu kuliko iliyotangulia, wakati viumbe wa mnara huo wanalipa kile kile walicholipa jana.

Rudi sasa kwenye namba za levo 28, uniazime zamu mbili tu. Karibu kila gemu ya aina hii ina uchawi wa kukikinga kikosi kizima, na tuseme wa kwako unapunguza mapigo kwa robo, na ukirudiwa mara ya pili unayafikisha nusu. Zamu mbili, na 940 inakuwa 470. Mganga wako, ambaye hajabadilika hata kidogo, anarudisha 480. Umepita kutoka upungufu wa 460 hadi ziada ya 10, na gharama yake ni mashambulizi mawili uliyoyaacha, yaani pointi 500, zinazourefusha ushindi wako kwa mzunguko mmoja. Zipo gemu ambazo kinga hairundikwi mara mbili. Hapo unaichukua mara moja, na zamu ya pili unaitumia kuidhoofisha nguvu ya bosi mwenyewe. Robo ikiondolewa kwanza, kisha robo ya kilichobaki, pigo la 940 linashuka hadi 529 hivi, na upungufu wa pointi 49 kwa mzunguko unaweza kuubeba kwa mizunguko tisa bila kuhema.

Najua pingamizi lililokujia, kwa sababu huwajia wengi: “Uchawi wa kudhoofisha haufanyi kazi kwa mabosi.” Kauli hii ni nusu ya ukweli. Usingizi, kupooza, kugeuzwa jiwe na kifo cha papo hapo mara nyingi hugonga mwamba kwa bosi, kwa kuwa vingelimaliza pambano kabla halijaanza, na mchezaji aliyevijaribu mara mbili tatu bila mafanikio huifunga menyu nzima ya uchawi wa aina hiyo na kuisahau. Lakini kupunguza nguvu, ulinzi, kasi au shabaha ni jambo jingine, na katika gemu nyingi mabosi wameachwa wazi kwa makusudi. Aliyenifundisha hili ni Matador, bosi wa Shin Megami Tensei III: Nocturne katika toleo lake la Maniax la 2004. Anajiongezea wepesi hadi mwisho katika hatua za mwanzo za pambano, na baada ya hapo kila pigo lako linapita pembeni. Nilikaa mbele yake jioni nzima, nikaondoka kwenda kupandisha levo kama ulivyofanya wewe, nikarudi, nikakosa shabaha kwa nguvu kubwa zaidi. Nilimshinda siku iliyofuata bila kuongeza levo hata moja, baada ya kuingia na viumbe wawili wenye uchawi wa kukirudisha chini kile alichokipandisha.

Gemu hiyo inafaa kutajwa kwa sababu nyingine pia, kwamba imeziweka zamu hadharani kama sarafu. Kila mwanakikosi huleta aikoni moja ya zamu. Ukimpiga adui kwa asili (moto, barafu au umeme, kwa mfano) ambayo ni udhaifu wake, unatumia nusu tu ya aikoni, na hivyo watu wanne wanaweza kufanya mambo manane. Ukikosa shabaha, au pigo lako likazuiwa, unapoteza mbili kwa mpigo mmoja. Likinyonywa au likirudishwa, zimekwisha zote. Maadui nao wanabanwa na sheria hiyo hiyo. Katika gemu yako huenda sheria haiko wazi kiasi hicho, lakini hesabu ipo chini kwa chini: shambulio linalopiga udhaifu ni zamu iliyozaa zaidi ya nafsi yake, na lililokosa ni zamu uliyompa bosi zawadi.

Ndiyo maana napenda kujua mchawi wako anafanya nini. Umesema ana moto na barafu. Je, umewahi kuzipiga zote mbili katika kila umbo la bosi na kuziandika namba? Bosi akibadilika umbo, udhaifu wake unaweza kubadilika pia, na mchezaji aliyeridhika na moto katika nusu ya kwanza anaendelea kuutumia moto dhidi ya kiumbe ambaye sasa anauzuia nusu. Kama una uchawi au kioo cha kumchunguza adui, kitumie katika mzunguko wa kwanza baada ya mabadiliko. Kama huna, tumia zamu moja kwa moto na moja kwa barafu, halafu linganisha. Ikiwa zote mbili ni dhaifu kwake, mchawi wako ana kazi nyingine nzuri kuliko kushambulia, nayo ni ule uchawi wa kinga na wa kudhoofisha tuliokwisha kuusema. Fungua menyu yake ya uwezo na uisome hadi chini. Sina shaka utakuta mambo ambayo hujawahi kuyatumia, kwa kuwa viumbe wadogo hufa katika mzunguko wa kwanza na hawakupi sababu ya kuyajaribu.

Sasa wakati. Wachezaji wengi wanaokubali kutumia kinga huitumia wakiwa wamekwisha kuchelewa: bosi anabadilika, wimbi la kwanza linapita, wawili wana majeraha, na ndipo wanaanza kujikinga, huku mganga akiwa na kazi mbili kwa zamu moja. Mstari wa nusu ya uhai ni mlango, na wewe ndiye unayeshika ufunguo wake. Umeshapambana na bosi huyu mara saba, kwa hiyo unaweza kukadiria ni baada ya mizunguko mingapi anabadilika. Mzunguko mmoja au miwili kabla ya hapo, acha kushambulia. Bado ana zamu moja tu, hivyo kila dakika unayokaa upande huu wa mlango ni nafuu kwako. Ponya kila mtu hadi ajae, rudisha pointi za uchawi za mganga kwa dawa, weka kinga, idhoofishe nguvu ya bosi, na ndipo umpige pigo linalomvusha. Angalia tu muda wa uchawi huo, kwa sababu mara nyingi hudumu mizunguko michache na kisha hufifia. Usiuweke mapema mno. Na bosi akitumia zamu yake kuifuta kinga yako, usikasirike. Zamu aliyoitumia kufuta ni zamu ambayo hakupiga.

Mpangilio wa kasi nao unastahili neno. Ikiwa gemu yako hupokea amri za watu wote wanne mwanzoni mwa mzunguko na kuzitekeleza baadaye, kama zilivyofanya Dragon Quest nyingi, basi mganga mwepesi anaponya kabla bosi hajapiga, na mganga mzito anaponya baada yake. Wengi hudhani mwepesi ndiye bora daima. Mimi siamini hivyo. Mganga mwepesi anaponya majeraha ya mzunguko uliopita, jambo linalofaa ikiwa wimbi la bosi haliwezi kumwangusha mtu aliyejaa. Mganga mzito anakuruhusu uamuru tiba kwa ajili ya pigo ambalo bado halijatokea, na kila mzunguko unaanza mkiwa wazima, lakini mtu aliyeanza akiwa na majeraha hatamsubiri. Jua wa kwako ni yupi, kisha toa amri ukilifikiria pigo lijalo.

Dawa zako 14. Sielewi ni kwa nini gemu hizi zimetufanya sote kuwa wachoyo, nami nina orodha ya gemu nilizozimaliza nikiwa na dawa ghali ambazo hazikuwahi kufunguliwa, lakini hesabu haina huruma kwa uchoyo huo. Dawa ni tiba ambayo haihitaji mganga wala pointi za uchawi. Mikononi mwa msichana wa mkuki, dawa kubwa inamfungua mganga wako kwa zamu nzima, katika mzunguko ule ule ambao vinginevyo angelazimika kuchagua kati ya kumfufua shujaa na kuwaponya waliosalia. Kumbuka pia kwamba bosi wa mwisho mara nyingi hukutana na kikosi chenye uchawi mkubwa zaidi na chenye dhahabu za kununulia dawa nyingine. Bosi wa katikati ndiye anayekukuta ukiwa mkavu. Tumia sita kati ya hizo 14 na usihesabu hasara. Na zisome maelezo yake kabla ya kuingia, kwa sababu vitu vya kuponya vina tabia zake: katika Final Fantasy VI ya 1994 lipo pambano na treni ya mizimu ambalo humalizwa kwa kuirushia treni hiyo kitu cha kufufulia wafu, kwa kuwa mfu aliyekwisha kufa hupokea ufufuo kama kifo. Sisemi bosi wako ni mfu. Nasema jaribu mara moja ikiwa anafanana na mfu.

Kuhusu silaha na mavazi sitakaa sana. Ukijua kwamba wimbi lake ni la moto au la umeme, kipuli au pete inayopunguza asili hiyo kwa nusu inashinda ngao mpya yenye namba kubwa zaidi, na ikiwa kinachowamaliza ni sumu au usingizi, kinga ya jambo hilo ivaliwe kwanza na mganga, kwa sababu mganga aliyelala ni mizunguko mitatu isiyo na tiba.

Je, levo hazina wakati wake? Zinao, na dalili yake ni moja iliyo wazi: ikiwa mtu aliyejaa uhai, mwenye kinga na mavazi yanayofaa, anakufa kwa pigo moja la kawaida la bosi, basi hakuna mpangilio wa zamu utakaomwokoa, na hapo namba zenyewe ni ndogo. Kwa maelezo yako hujafika huko. Ukifika, usizunguke mnarani bila mpango. Tafuta eneo ambalo maadui hulipa uzoefu mwingi kuliko jasho wanalodai. Katika ukoo wa Dragon Quest kuna viumbe wadogo wa chuma, wagumu kupigika na wepesi kukimbia, ambao mmoja wao akianguka hulipa kuliko kundi zima la wengine. Gemu nyingi zimeiga wazo hilo kwa namna zake. Kwingine, kama katika Suikoden ya 1995, mhusika aliyebaki nyuma hupata uzoefu mwingi kwa kasi kila anapopigana na maadui walio juu yake, nao uzoefu huo hupungua kadiri anavyowakaribia, kwa hiyo kukaa mahali pamoja kwa saa sita ni kujichosha tu. Jiwekee mpaka wa saa moja. Usipoona badiliko katika pambano lenyewe baada ya saa hiyo, tatizo liko kwingine.

Kupunguza ugumu si aibu, na watu wanaosema vinginevyo wana muda mwingi kuliko mimi. Watengenezaji wenyewe wamelikubali jambo hili: matoleo mapya ya Final Fantasy sita za kwanza yaliyofika kwenye konsoli mwaka 2023 yanamruhusu mchezaji kuongeza uzoefu anaopata hadi mara 4 na hata kuzima kabisa mapambano ya kushtukiza njiani. Ushauri wangu ni kwamba usubiri majaribio mawili zaidi ukiwa na mpango huu, kwa sababu ya faida tu: uliyojifunza kwa bosi huyu yatakuhudumia kwa waliobaki, na gemu yenye saa 32 nyuma yake huenda ina nyingine nyingi mbele. Ukishindwa mara zote mbili, teremsha ugumu, mpite, kisha uurudishe ikiwa gemu yako inaruhusu kubadilisha katikati.

Kabla ya kuingia tena, hifadhi mchezo wako katika nafasi mbili tofauti, moja ikiwa nje ya mnara. Hukusema kama unaweza kushuka na kutoka, na zipo gemu zinazokuruhusu kuhifadhi mahali pasipo na njia ya kurudi. Mfano unaojulikana sana ni ngome ya Riovanes katika Final Fantasy Tactics ya 1997, ambako mapambano hufuatana, mchezo unakuuliza kati yake kama unataka kuhifadhi, na aliyehifadhi juu ya nafasi yake ya pekee anajikuta amefungiwa mbele ya adui asiyemweza, bila duka na bila mahali pa kufanyia mazoezi. Huko ndiko ambako neno “kuanza upya” huwa na maana yake halisi. Ikiwa una nafasi moja tu iliyohifadhiwa, na iko mlangoni pa bosi, shuka kwanza uhakikishe kwamba mlango wa chini bado unafunguka.

Jaribio la nane lifanye la upelelezi, ukiwa umekubali tangu mwanzo kwamba huenda mkafa. Chukua karatasi. Andika anabadilika katika mzunguko wa ngapi, mapigo yake mawili yanafuatana kwa utaratibu gani (mabosi wengi wana mtiririko unaojirudia, na wimbi kubwa hutanguliwa na ishara au maneno fulani), moto unamtoa pointi ngapi baada ya kubadilika na barafu ngapi, na je, uchawi wa kudhoofisha unamshika au unaandikiwa kwamba umeshindwa. Jaribio la tisa ndilo la kumshinda: msimame kabla ya nusu, mjae, kinga iwekwe, nguvu yake ishushwe, halafu avuke. Baada ya hapo mganga asifanye jambo jingine isipokuwa tiba, mchawi aisimamie kinga na kuirudisha inapofifia, msichana wa mkuki awe na dawa mkononi kila anapoona mtu amefika chini ya nusu ya uhai, na shujaa peke yake ndiye apige kila mzunguko. Pambano litakuwa refu kuliko ulivyozoea, pengine mizunguko 15 au zaidi, na kwa sehemu kubwa litakuchosha kidogo kwa utulivu wake. Wakianguka tena, niandikie ni nani aliyeanguka kwanza na katika mzunguko wa ngapi, nami nitajua zamu ipi ilipotea.